Masikio ya Bure

Wietske Terpstra alikata filamu kwanza, kisha muziki, kisha mpira. Alikaa kwenye meza ya jikoni na simu mkononi, binti yake Jitske akiwa amemwegemea begani, na kila alipobonyeza neno la kusitisha malipo, simu ilimuuliza kwa upole kama ana uhakika.

"Ona wanavyobembeleza," alisema Jitske. "Miaka yote hii hata salamu hawakukupa."

"Bonyeza ndiyo. Usiwasikilize."

Nyumba ya wazee alikokuwa akifua nguo ilikuwa imeamua kupeleka mashuka yake kwa kampuni ya nje, na tangu mwezi wa tisa saa zake za kazi zilikuwa zimebaki nusu. Gesi ya kupashia nyumba joto nayo ilikuwa imepanda. Wietske hakuwa mtu wa kulialia. Aliandika orodha nyuma ya bahasha, akamwita binti yake mwenye miaka kumi na saba ambaye alijua mambo ya simu, wakaanza kupunguza.

Kwa kila kitu cha kulipia Jitske alikuwa na mbadala wake wa bure. Filamu walipata kwa kadi ya maktaba. Muziki walipata ule wenye matangazo katikati. Gazeti la mkoa Wietske angelisoma kazini wakati wa chai, likiwa limeshapita mikono ya wazee ishirini. Ndani ya nusu saa orodha yote ilikuwa imepigwa mistari, isipokuwa jina moja mwishoni, na hilo ndilo lililokuwa ghali kuliko mengine yote.

"Hiyo hapana, Mama," alisema Jitske.

"Ipo ya bure au haipo?"

"Ipo. Lakini hayo ni masikio ya Baba."

"Nimekuuliza kama ipo."

Hawakunong'ona. Hapakuwa na haja. Douwe alikuwa amekaa hatua nne tu kutoka pale, amewapa mgongo, akisoma maandishi ya taarifa ya hali ya hewa chini ya kioo cha televisheni. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma kwenye karakana ya meli pale Harlingen, mji wao wa bandari, na makelele ya mabati yalikuwa yamemla masikio kidogo kidogo hadi yakaisha. Vifaa alivyovaa masikioni vilimletea mvumo tu. Kilichomweka kazini ni ile programu. Mtu akisema, simu inaandika, naye anasoma. Wietske alikuwa amemshonea mfuko wa kitambaa kigumu wa kuifunga simu mkononi, juu kidogo ya kifundo cha mkono, ili mikono yake ibaki huru.

"Muulize basi," Jitske alisema. "Yuko pale pale."

"Nikimuuliza atasema sawa. Unamjua baba yako. Atasema sawa, halafu atatafuta na cha kwake kingine cha kukata. Ataacha hata kahawa."

"Kwa hiyo humuulizi kwa sababu atakubali?"

Wietske aliikunja bahasha akaitia kwenye droo. Asubuhi iliyofuata, Douwe akinyoa ndevu, aliifungua simu ya mumewe kama alivyofanya mara zote kulipotokea jambo la kurekebisha, akaiondoa ile programu ya kulipia na kuweka ya bure mahali pale pale. Ya zamani ilikuwa na alama ya bluu. Hii ilikuwa ya kijani.

"Wamebadilisha sura," alimwambia alipotoka bafuni, akitamka taratibu ili asome midomo. "Ni ile ile."

Douwe aliitazama, akaitikia kwa kichwa. "Kijani. Haya. Ilimradi isiniombe nijifunze upya."

*

Wiki ya kwanza ilipita vizuri, na Wietske akaanza kupumua. Ya pili Douwe alirudi nyumbani na malalamiko. Simu ilikuwa ikiandika dakika kumi, kisha inasimama na kumwonyesha mwanamke anayetabasamu na kopo la losheni.

"Siku hizi wana tamaa," alisema kwa ile sauti yake kubwa isiyojua ukubwa wake. "Unawalipa, na bado wanakuuzia losheni. Waandikie, Wiets. Waambie sisi si watu wa bure."

"Nitawaandikia."

Jitske aliinuka mezani akapeleka sahani yake kwenye sinki kabla hajamaliza kula.

Jumapili ile Baukje, mama yake Wietske, alikuwa anatimiza miaka sabini na mitano. Viti vilipangwa duara sebuleni, kila aliyeingia akazunguka kumpa kila mtu mkono wa pongezi, kahawa ikamiminwa, na kila mmoja akapewa kipande kimoja cha keki. Douwe alikaa kati ya mama mkwe na shemeji yake Tjeerd, simu ikiwa imelala juu ya paja lake, akisoma na kucheka mahali panapostahili, akichelewa kidogo tu kuliko wengine.

Baukje alikuwa akisimulia siku mumewe alipofariki. Alisimulia kila mwaka, na kila mwaka watu walinyamaza. Alifika pale ambapo muuguzi alifungua dirisha, ndipo simu juu ya paja la Douwe ilipopasuka kwa muziki wa ngoma, na sauti ya mwanamume ikapiga kelele sebule nzima: "Unasumbuliwa na bawasiri? Usikae tena kwa maumivu!"

Watu wote walimgeukia Douwe. Yeye alikuwa ametazama kioo, akisubiri tangazo liishe ili maneno yarudi, na alipoinua macho na kuona nyuso zote zinamtazama, alidhani zamu yake ya kusema kitu imefika. Akatabasamu kwa huruma, akamshika mama mkwe mkono. "Alikuwa mtu mwema sana," alisema.

"Bawasiri! Sasa unaweza kukaa kwa raha!" iliendelea simu.

Tjeerd alijaribu kujizuia, akashindwa, kahawa ikamtoka puani. "Shemeji, pole sana bwana!" alisema huku akijifuta. "Mletee mto akalie!" Wengine nao wakaangua kicheko, na Baukje, uso wake umewiva, akaweka kikombe chini.

Wietske alivuka duara akaichukua simu na kuizima.

"Nini?" Douwe aliuliza. "Nimesema nini?"

"Hakuna kitu. Imekwama."

Alimtazama mkewe, akatazama watu wanaofuta machozi ya kicheko, akatazama tena mkewe. Tabasamu lake lilibaki usoni kwa muda likiwa halina kazi. Baadaye, ndani ya gari, hakuuliza tena. Wietske aliendesha akijiambia kwamba kesho, kabla ya kwenda kazini, atairudisha ile ya bluu. Lakini kesho yake ilikuja barua ya kampuni ya gesi, akajiambia mwisho wa mwezi.

*

Ijumaa moja, karibu wiki tatu baadaye, saa tatu na robo asubuhi, Wietske akiwa anajiandaa kwenda kwenye zamu yake fupi, gari lilisimama mbele ya nyumba. Alimwona Sietse, mwenzake Douwe wa miaka mingi, akishuka na kuzunguka kumfungulia Douwe mlango kama anavyofunguliwa mgonjwa.

Douwe alimpita mkewe ukumbini bila kuvua viatu. Sietse alibaki mlangoni akizungusha kofia mkononi.

"Hajaumia," alisema kwanza. "Nakuambia hilo mapema. Hakuna aliyeumia."

"Kumetokea nini?"

"Tangi la pili la meli. Lilipakwa rangi jana. Asubuhi kwenye mkutano msimamizi Harm katuambia kwamba tangi la pili asiingie mtu na moto hadi mvuke wa rangi upimwe, kuanzia asubuhi hii. Katuambia sisi wote, tumesimama duara, Douwe yupo, anasoma simu yake, anaitikia kwa kichwa." Sietse aliacha kuizungusha kofia. "Dakika ishirini baadaye napita, naona mpira wa gesi ya kuchomelea umeingia mle ndani. Namwona kachuchumaa, kashika kiwashio. Nikamwita. Nikamwita, Wietske, wakati mwingine mtu unasahau kwamba hasikii. Nikaruka nikamshika mkanda nikamvuta kama gunia."

Wietske alitupia jicho mlango wa jikoni.

"Harm kamrudisha nyumbani. Jumatatu saa mbili wanamtaka ofisini. Na wewe pia uende, kasema, ili kuwe na mtu wa kuelewana naye." Sietse aliinamisha macho kwa neno hilo la mwisho. "Samahani. Kasema yeye, si mimi."

Jikoni Douwe alikuwa amekaa na simu mbele yake, ameiweka mbali kidogo.

"Nilisoma," alisema. "Nilisoma kwa macho yangu: tangi la pili, kuanzia asubuhi hii. Ndivyo ilivyoandikwa. Tangi la pili, halafu likaingia lile tangazo, kisha maneno yakarudi, kuanzia asubuhi hii. Au sikusoma vizuri. Au nilisoma nikasahau." Akajigonga kichwa kwa kidole. "Baba alianza hivi hivi, Wiets. Alikuwa na miaka hamsini na nne. Alianza kwa kusahau aliyoambiwa kazini."

"Douwe..."

"Nipigie daktari. Nataka kujua kabla ya Jumatatu, wasije wakaniambia wao."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Mdomo aliufungua. Lakini mbele ya macho yake kulikuwa na lile tangi, na kiwashio, na yale maneno hayakuwa tena ya programu wala pesa, yalikuwa ya jinsi alivyokaribia kumchoma mumewe. Akachukua simu yake mwenyewe akampigia daktari. Wakampa Jumanne.

*

Jumamosi Jitske hakushuka hadi saa sita mchana. Aliposhuka, macho yalikuwa yamemvimba.

"Mwambie, Mama, au nitamwambia mimi."

"Nitamwambia."

"Lini? Anadhani anapata wazimu."

"Nimesema nitamwambia. Usinipandishie sauti."

"Kwani atanisikia nani?" Jitske alisema, akajifunika mdomo kwa mkono, kisha akatoka kwa baiskeli bila kufunga koti.

Wietske alimenya viazi. Alimenya vingi kupita walivyohitaji watu watatu. Mvua ilikuwa imeanza alipotoka nyuma kutupa maganda, na kutoka kwenye kibanda cha vifaa alisikia sauti ya mumewe. Ilikuwa sauti kubwa, iliyonyooka, kama ya mtu anayesoma mbele ya darasa.

"Leeuwarden. Sneek. IJlst. Sloten. Stavoren. Hindeloopen. Workum. Bolsward. Franeker. Dokkum."

Kisha: "Kumi."

Akaanza upya. Ilikuwa ile miji kumi na mmoja ambayo kila mtoto wa mkoa wao wa Friesland huijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Aliitaja tena kwa mpangilio, akifika kwenye kumi na kukwama. Mara ya tatu alianzia mwishoni akarudi nyuma. Wietske alisimama kwenye mvua na bakuli la maganda, akisubiri aseme Harlingen. Mji uliomponyoka ni huu huu aliozaliwa, ambao kibanda chenyewe kilikuwa kimesimama ndani yake.

"Kumi," alisema Douwe, na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

Wietske aliingia jikoni akavuta droo, akatoa ile bahasha yenye orodha. Hakutaka kumwambia kwa midomo, kwa sababu midomo ilikuwa imeshamdanganya, na simu nayo ilikuwa imemdanganya. Akaandika kwa kalamu, chini ya mistari aliyopiga, kwa herufi kubwa: *Si kichwa chako. Nilikata ile unayolipia nikakuwekea ya bure. Wiki tano sasa. Sikukwambia. Kwenye sherehe ya Mama simu ilipiga kelele za tangazo, ndiyo sababu walicheka. Jana ni mimi.*

Akavuka uwanja, akafungua mlango wa kibanda, akampa.

Douwe alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena. Mabega yake yakashuka, akaketi juu ya sanduku la misumari, na kwa muda uso wake ulikuwa wa mtu aliyetolewa jiwe kifuani.

"Kwa hiyo si kichwa changu," alisema.

Wietske alitikisa kichwa kukataa. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Si kama Baba."

"Si kama Baba."

Douwe aliikunja bahasha mara mbili. Ule unafuu ulimtoka usoni taratibu, na kilichobaki chini yake Wietske hakuwahi kukiona katika miaka ishirini na miwili ya ndoa.

"Jana ningekufa," alisema. "Hilo sawa, hukujua. Lakini tangu jana unajua. Umeniacha nijipime kichwa kwa kuhesabu miji. Umenipigia hata daktari." Akanyanyuka, akampita, akasimama mlangoni kwenye mvua. "Bawasiri," alisema. "Mbele ya Tjeerd."

Siku hiyo alikula peke yake. Jumapili alikula nao, lakini hakutazama midomo ya mtu.

*

Ofisi ya Harm ilikuwa na joto kali na kahawa ya tangu alfajiri. Pembeni yake alikaa mama wa usalama kazini, Bibi Alberda, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni.

Harm alimgeukia Wietske. "Mwambie mumeo akae."

Douwe alikuwa ameshaketi.

"Muulize kama anaelewa kwa nini ameitwa."

"Muulize mwenyewe," alisema Wietske. "Lakini kwanza nina neno. Kosa si lake."

Akawaeleza. Aliwaeleza yote, kufua kulikopungua, orodha, ile alama ya kijani, tangazo lililofunika maneno "asiingie mtu" na kuacha "tangi la pili". Alipomaliza aliona kwamba Harm amemtazama vile mtu anavyomtazama mlevi anayeomba radhi, na akatamani sakafu ipasuke.

"Kwa hiyo," alisema Harm, "usalama wa karakana nzima ulikuwa umetegemea simu, na simu ilitegemea mama huyu na bili zake za gesi. Mimi sikuambiwa."

Bibi Alberda hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amechukua karatasi, akaandika juu yake kwa herufi kubwa, akaisukuma mezani hadi mbele ya Douwe. Wietske aliisoma kichwa chini: *Bila simu, unasikia kiasi gani?*

Douwe aliivuta karatasi karibu. Miaka yote alikuwa amewaambia kwamba vifaa vya masikioni vinatosha, kwamba simu ni ya kuhakikisha tu. Alijua mchomeleaji asiyesikia kengele ya hatari huondolewa matangini, pengine kazini kabisa. Wietske naye alijua. Walikuwa wameificha siri hiyo pamoja, hadi Wietske akaficha na nyingine peke yake.

"Sisikii," alisema.

"Kidogo? Sauti nene?" Harm aliuliza, akisahau.

Douwe aliona midomo ikienda, akakisia. "Sisikii kitu, Harm. Miaka saba."

Harm alijiegemeza kitini. Kupitia dirishani mashine ya kusaga chuma ilikuwa ikilia, na wao watatu tu ndio walioisikia.

Mazungumzo yalichukua saa moja, karatasi zikienda na kurudi. Kwenye matangi Douwe asingeingia tena, na ile nyongeza ya malipo ya kazi za matangini ingekatika kuanzia siku hiyo. Angechomelea juu ya sitaha, mahali pa wazi, taa ya kuwaka na kuzima ikiwekwa kando ya kengele ya hatari. Mkataba wake ungeangaliwa upya mwezi wa sita. Na kuhusu programu, Bibi Alberda alitoa kwenye kabati fomu ya kurasa mbili.

"Hii ni ya vifaa vya wafanyakazi wasiosikia," alisema. "Ukijaza, hulipi wewe. Ipo tangu nianze kazi hapa."

"Tangu lini?" aliuliza Wietske.

"Miaka tisa."

Bibi Alberda alimwandikia Douwe jibu hilo hilo. Douwe alisoma, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha, akatia sahihi.

*

Programu ya bluu ilirudi Alhamisi. Wietske alinyoosha mkono kuipokea simu aiweke sawa kama kawaida, lakini Douwe alimpita akampa Jitske.

"Nifundishe wewe," alimwambia binti yake. "Polepole. Na namba ya siri nataka nibadilishe mwenyewe. Geuzeni nyuso."

Wakageuza nyuso zote mbili. Wietske alitazama jiko.

Jioni hiyo walikula viazi vilivyopondwa na sukuma, na soseji ya moshi iliyokatwa vipande vitatu sawa. Jitske aliwahi kumaliza, akasema ana mtihani, akapanda juu. Douwe alisogeza sahani. Alichukua simu, akaiweka katikati ya meza, kioo kikimwelekea yeye, akamtazama mkewe.

"Uliandika," alisema. "Hukusema. Sasa sema."

"Nilikudanganya," alisema Wietske. Aliona macho ya mumewe yakishuka kwenye kioo, yakisoma, yakipanda tena. "Nisamehe. Niliogopa."

Douwe alisoma.

"Uliogopa nini?"

Alitaka kusema bili. Lakini hata yeye alijua kwamba bili pekee hazimfanyi mtu amdanganye mumewe wiki tano. Akaanza na lile walilolijua wote, saa za kazi, kisha likatoka lililofuata: jinsi anavyotembea kwenye ule ukumbi wa mashine za kufulia zilizozimwa, jinsi msimamizi alivyomuuliza umri wake, jinsi alivyochoka kuwa masikio ya nyumba nzima, kupiga simu zote, kusikia habari zote mbaya wa kwanza na kuchagua zipi zimfikie Douwe, na kwamba kulikuwa na siku, si nyingi, alipouonea wivu ule ukimya wake. Hilo la mwisho alipolisema alifunga macho.

Alipofumbua, Douwe alikuwa bado anasoma. Maneno yalikuwa yakipanda kwenye kioo mstari kwa mstari, yote, kama alivyoyasema, na hapakuwa na tangazo lolote la kuingia kati.

"Endelea," alisema Douwe.